Hewa Iliyomo Kitini

Darasa letu liko Keko, juu ya karakana,
ngazi za mbao kumi na moja, ya nane imeoza.
Jumamosi saa tatu napanda, penseli nyuma ya sikio.
Chini randa zinalia, mashine inapasua mninga,
na vumbi linapanda kwenye nyufa za sakafu
likatue juu ya rangi mbichi za watu.
Mwalimu Ndekwa hasemi pole.
Anasema, "Hilo nalo ni sehemu ya picha."

Mwezi mzima wa kwanza hakutupa rangi.
Alitupa dumu la njano, tupu, limepasuka shingo,
akaliweka mezani kama mgeni rasmi.
Nikachora. Akaja, akainama karibu,
kama mtu anayeonja mchuzi wa jirani:
"Hili ni dumu la kichwani mwako.
La mezani limebonyea ubavu. Hukuliona?"
Sikuliona.
Madumu nimeyabeba tangu darasa la pili,
nimeyafunga kwa mpira nyuma ya baiskeli,
wala sijawahi kuliangalia hata moja.

Ufutio ulipigwa marufuku.
Mstari uliokosea unabaki, unachora mwingine kando yake,
hadi dumu langu likawa linatetemeka
kama lina homa.
Nyamizi alicheka mpaka akavunja mkaa wake.
Yeye ana mkono mwepesi, anachora sikio
kama mtu anayetia saini.
Nilimwonea wivu, sifichi.

Kisha siku ya kiti.
"Msichore kiti," mwalimu akasema. "Choreni hewa
iliyomo katikati ya miguu yake."
Tukaguna. Athumani akauliza
hewa inachorwa kwa penseli namba ngapi.
Nikajaribu hivyo hivyo: hapa pembetatu ndefu,
pale kipande kama kofia iliyolala,
huku ufa mwembamba wa mwanga.
Nilipoinua uso, kiti kilikuwa kimeshakaa karatasini.
Sikukichora. Kilikuja chenyewe.

Rangi zilipofika zilikuwa tatu tu, na nyeupe.
"Nyeusi itafuteni wenyewe."
Nikakoroga nikapata tope la Jangwani baada ya mafuriko,
nikakoroga tena nikapata kahawia,
kisha, kwa bahati tu, shingo ya mama.
Na kivuli cha dumu, kumbe, ni zambarau!
Nilimweleza dada yangu Tausi jambo hilo.
Akaniuliza kama nimekula.

Kazi ya nyumbani: mkono wa mtu unayemjua.
Baba ni seremala hapo hapo Keko, mlango wa tatu.
Alikaa, kiganja juu ya goti, akasinzia.
Kidole chake cha shahada kilichukuliwa na msumeno
mwaka niliozaliwa.
Nikachora mishipa, kucha, gundi iliyokauka,
na kidole nikakirudisha.
Niliona ndiyo adabu.

Alipoamka aliitazama muda mrefu,
jicho moja amelifumba,
kama anatafuta mpindo kwenye ubao.
"Fundi," akaniita, "huyu nani?
Kidole hicho nilishakizika.
Wewe umekifukua cha nini?"

Usiku umeme ulikatika. Nikawasha kibatari,
nikatoa karatasi nyingine.
Kidole sikukigusa.
Nilichora hewa iliyokaa mahali pake,
mpaka wake wa juu, mpaka wake wa chini,
inapoanzia kwenye kifundo kilichoziba,
polepole, bila ufutio,
mpaka jogoo wa Mama Sijaona akawika,
na mkono ukaja.

Asubuhi sikuikuta mezani.
Nimeiona karakanani, imetundikwa msumarini
pamoja na oda za wateja,
na pembeni, kwa ile penseli yake nene:
kitanda, tano kwa sita, mninga,
Bi Chausiku, amelipa nusu.

Mwalimu Ndekwa anaisubiri Jumamosi.
Sijui nitaiombaje.