Mahali Tulipopigia Picha

Tuliondoka Huaraz saa kumi na moja alfajiri
kwa gari la mjomba wake Celso,
gari lenye mlango mmoja usiofunguka kwa ndani,
kwa hiyo Nélida, aliyeketi upande huo,
alikuwa abiria na mfungwa.
Mapajani mwangu, sufuria ya viazi imeviringwa blanketi
kama mtoto mchanga; jibini; mahindi ya kukaanga;
na mfuko wa majani ya koka, ambayo Yesenia
alitugawia kama shangazi agawaye pipi harusini.
"Tafuneni mapema," akasema. "Kimo hakipigi hodi."

Recuay ilitupita ingali na usingizi.
Kule Catac tukanunua mkate, tukabishania chenji,
na Celso akaanza kusimulia upya
alivyotapikia viatu vya mwalimu wa jiografia
mwaka ule wa safari ya shule.
Kila anapoisimulia, viatu huwa vipya zaidi.

Getini mlinzi wa hifadhi alihesabu vichwa:
"Wageni au wenyeji?"
Tukacheka sote isipokuwa Nélida,
aliyeishi Lima miaka kumi na tisa
na midomo yake ilishageuka zambarau.
"Wenyeji," akasema, kama mtu anayekula kiapo.

Kisha nyasi za njano, nyasi, nyasi,
na ghafla puya, mirefu kama minara,
mimea ingojayo karibu umri wa mtu
ichanue mara moja, ife.
Mmoja tu ulikuwa na maua.
Yesenia alitaka tusimame.
"Tutauona tukirudi," akasema Celso.
Tuliporudi palikuwa na ukungu.

Kwenye chemchemi inayotokota bila moto
nilionja maji: soda na msumari.

Kutoka maegeshoni ni miguu tu.
Hatua ishirini, pumzi.
Hatua kumi, pumzi.
Hatua.
Magoti yalikuwa ya kuazima.
Mama mmoja mwenye kofia ndefu alitutajia bei ya farasi;
Celso akakataa kwa fahari,
kisha akarudi nyuma kumtafuta.

Mimi nilikuwa na picha mfukoni.
Watoto watano, glavu zisizolingana,
migongo imeegemea ukuta wa barafu,
ukuta mkubwa hata haukuenea kwenye picha.
Siku ile tuliupiga mawe tupate kipande cha kwenda nacho nyumbani.
Nyuma, mwandiko wa Fortunato:
*Barafu moja, sisi sufuri.*

Mwamba wenye ufa tuliupata.
Tuliupapasa kuhakikisha.
Nyuma yake palikuwa na ziwa la kijivu,
na ng'ambo ya ziwa, juu kabisa, barafu
imejikunja kama shuka
lililovutwa na mtu mwingine usiku.

Hakuna aliyesema neno kubwa.
Yesenia alisema ana njaa.
Viazi vya katikati vilikuwa bado na joto,
tukavila kwa mikono, tukipuliza bila sababu.
Nélida akaopoa kipande kilichoelea ufukoni,
akakitumbukiza ndani ya blauzi, akapiga ukelele.
"Barafu ya moyo," akasema Yesenia,
na kwa mara ya kwanza haikuwa tamathali.

Kijana wa Arequipa akatupiga picha.
Tulisimama kwa mpangilio uleule,
tukamwachia nafasi Fortunato,
aliyekwenda Chile kuchuma zabibu msimu mmoja,
misimu saba iliyopita.
Upepo ukasimama hapo badala yake.

Mtandao ulirudi tulipofika Catac, usiku.
Tukamtumia zote mbili, ya kale na ya leo.
Akajibu kabla Celso hajazima injini:
"Mmekosea mlima."

Celso akaandika, akafuta.
Akaandika, akafuta.
Sisi tulikuwa tumeshashuka, tunanyoosha migongo,
na Nélida alikuwa anagonga kioo,
anagonga,
"Nifungulieni, jamani. Nifungulieni."