Nguzo Sitailipia

Mwepu, komisioneri, ana shada la funguo kiunoni
na utepe wa kupimia usiokoma kunong'ona.
"Mita kumi na nane. Dirisha linatazama kaskazini.
Ninyi wachoraji mnapenda kaskazini, si ndiyo?"
Sijamwambia kwamba mimi ni fundi wa kujalidi vitabu.
Nataka kivuli, na sakafu isiyotikisa meza.

Kuta zimepakwa chokaa hadi zinauma macho.
Upande mmoja matofali yameachwa uchi kusudi.
"Ndio mtindo," asema,
kama anayeomba radhi kwa kosa la mtu mwingine.
Chini, kijana wa katuni anagombana na birika la umeme;
juu, cherehani za Tshilanda zinakimbia, zinasimama, zinakimbia.
Kila mlango umepewa jina la madini:
Shaba imeshachukuliwa, Kobalti ina benki ya simu,
Malakiti wanakaa watu wa filamu, hawalipi.
Mimi naonyeshwa Zinki.
Dirishani lile bomba la moshi, na mlima wake mweusi,
Lubumbashi yote ikijifuta vumbi jekundu usoni.

Ndipo nainua macho.
Ndoano.
Wameipaka rangi nyeusi inayong'aa,
wameitundikia taa ya ukili,
lakini shingo yake naijua.

Hapa palikuwa stoo ya posho.
Jumamosi mama alinishika kwa mkono wa kushoto,
wa kulia ulikuwa na kadi ya baba, namba 4417,
pembe zake laini kama sikio la mbuzi.
Mizani ilining'inia pale. Karani Kasweshi
alimimina unga, akautazama mshale,
akapunguza.
Kwa kijiko.
Mwanamke ana mimba ya saba mbele yake,
na yeye anarudisha kijiko kimoja guniani,
taratibu, kama anayempa mtoto dawa.
Mama hakusema neno. Nyumbani
alikung'uta kitenge chake juu ya sinia,
unga ulionasa kwenye nyuzi ukashuka, haba,
akaukusanya kwa ukingo wa kiganja:
"Na huu pia ni wetu."

"Dola mia moja na themanini kwa mwezi," asema Mwepu.
"Garanti miezi sita. Maji yamo. Jenereta, mnachangia."
Nagawanya kichwani: kumi kila mita.
Halafu naitazama nguzo iliyosimama katikati
kama mgeni asiyeambiwa aketi.
"Hii nguzo inakula mita nzima," namwambia.
"Sitailipia."

Anacheka. Ananiangalia. Anaacha kucheka.
Anapima nguzo, pande zote nne, kwa utepe wake,
anatoka kwenye korido kumpigia Madame Kalenga.
Namsikia: ndiyo, Madame. Hapana, Madame. Nguzo, Madame.
Cherehani zinasimama. Nahesabu pumzi zangu.
"Mia moja sabini," anarudi, shati limemshika mgongoni.
"Lakini usimwambie mtu wa Kobalti."

Kontra ina kurasa nne, pini yake imeota kutu tayari.
*Mpangaji hataruhusiwa kutoboa ukuta,
kubadili rangi, wala kuondoa
vifaa vya kale vilivyohifadhiwa kama mapambo.*
Natia sahihi. Kalamu yake inakwaruza,
jina la baba linatoka limekatika mara mbili.

Jioni ile ile nikaleta shinikizo, kwa mkokoteni,
wasukumaji wawili na matusi ya ngazi nzima;
nikaleta uzi, mfupa wa kukunjia, jiko dogo.
Daftari la ubatizo la parokia linangoja mgongo mpya,
na gundi yangu siinunui, naipika:
kijiko kimoja cha unga,
vijiko vitano vya maji,
koroga bila kuondoka.

Ilianza kuwa nzito. Ikatoa harufu ya uji.
Juu yangu taa iliyumba kidogo, dirisha lilikuwa wazi.
Nikachota kijiko cha pili,
kilichojaa hadi kumwagika,
nikakitia.