Kwenda Mabama na Kurudi

Hakuna msiba Mabama, hakuna mavuno,
hakuna shangazi anayelalamika hatumwoni.
Jirani aliposikia aliuliza mara mbili:
mnakwenda kufanya nini?
Kutembea, nikasema. Kuona mvua ilivyoyafanya mashamba.
Akanitazama kama mgonjwa aliyeruka dozi.

Nilikuwa na Jumapili moja tu.
Zamu yangu Kitete ilianza saa mbili usiku,
na wodi haijui habari za matembezi.

Mihayo hutunza hesabu za chama cha tumbaku;
hata chumvi huila kwa stakabadhi.
Akageuza karatasi, akachora mstari katikati:
kushoto nauli, kulia saa.
Treni, akaandika, kisha akacheka peke yake.
Treni itakufikisha. Kukurudisha ni shauri lake,
labda Jumanne, labda alfajiri umelala.
Gari la Sungwa: mafuta juu yetu,
na Sungwa juu yetu pia, na chakula chake,
na hadithi zake za Kahama.
Bodaboda: wawili mgongoni, matope,
na kijana anayekumbuka breki akiwa ameshafika.
Basi la Urambo, saa tatu. Hapo akapiga mstari. Mara mbili.

Na baiskeli? nikauliza.

Kalamu ikasimama.
Baiskeli haikuwa na safu yake.
Ilikuwa uani, Swala ya marehemu baba,
usukani umeanikwa soksi za watoto.

Tukabishana mpaka chai ikaweka utando.
Yeye: kilomita thelathini na kitu, na una miaka arobaini na sita.
Mimi: miguu hii husimama usiku kucha, haijawahi kuomba basi.
Haya, akasema, kila mtu na chombo chake.
Alidhani anatania.

Saa kumi na mbili na nusu nilikuwa nimeshavuka reli.

Sijui namna ya kuisimulia ile barabara
kwa mtu aliyeiona dirishani.
Mininga huja mmoja mmoja, kila mmoja na gome lake.
Wanawake wenye majembe waliniambia mwangaluka,
nikapata muda wa kuitikia, nao wa kuniuliza habari za nyumbani.
Kuna kilima ambacho basi halijui kama ni kilima;
nilikipanda nikisukuma, nikikitukana
kwa jina la mwalimu wangu wa hesabu.
Kwenye kichuguu, uyoga. Nikafungua kitenge cha juu, nikafungasha.
Mahali pengine nilisimama bila sababu.

Saa nne kasoro basi likanipita, likapiga honi.
Kwenye kioo cha nyuma niliona mkono,
sikujua unapunga au unahesabu.

Nilimkuta kituoni na soda ya pili,
shati bado lina mistari ya pasi.
Nimekusubiri saa moja na robo, akasema.
Umeona nini njiani?
Akafikiri. Ni mtu mkweli, huyu.
Kisogo cha mama mmoja, akasema. Na video ya ngoma.

Tukala viazi na mayai kando ya shamba
ambako miche ya tumbaku ilikuwa bado inashangaa kuhamishwa.
Hatukuongea sana.
Saa nane ikaniuma mkononi,
na hapo tukaiona hesabu iliyokosekana kwenye karatasi:
lazima mimi niwahi, basi linarudi saa tisa,
na baiskeli haina mwenyewe.

Konda alitaka elfu tatu kuipandisha juu.
Mihayo akaitazama ile elfu tatu
kwa jicho la chama.
Kisha akakunja suruali, mkunjo mmoja, wa pili,
akanipa tiketi yake na kiti cha dirishani.

Saa tatu usiku, wodini, simu ikatetemeka mfukoni.
Nimefika, ameandika.
Nikabadilisha dripu mbili, nikapima joto la mtoto wa kitanda cha saba.
Ikatetemeka tena:
ule mti mkubwa baada ya daraja,
unaitwaje?