Mkono wa Kusukia

Za mwizi ni arobaini,
na mimi leo nimezitimiza, miaka si siku,
Ijumaa, Bugarika, ndani ya nyumba iliyobanwa na mawe mawili
kama chembe ya karanga katikati ya meno.

Sina keki. Nina nanasi la Sengerema
lililopanda kivuko cha Kamanga bila nauli.
Nina ndimu mbili, kidole cha tangawizi,
na pasheni sita zilizokunjamana.
“Usiiogope mikunjo, dada,” aliniambia muuzaji,
“huo ni utamu unazeeka.”
Nikamwangalia usoni nijue kama ananisema.

Na nina chupa ya ramu,
nyeusi kama chai ya msibani,
aliyoniachia Ndalahwa alipohamia Bukoba.
Miaka mitatu imelala kabatini nyuma ya unga wa ngano,
nimeivika soksi
Mama asiione.

Mama ni Msabato. Jua likizama, Sabato imeingia.
Nimepiga hesabu: saa kumi na moja na nusu,
jua lingali juu ya ziwa,
yeye yuko chumbani ananyoosha gauni la kanisani.
Muda upo.

Nanasi nalimenya kwa kisu cha samaki.
Naliponda kwa mwiko, nalikamua kwenye chujio la chai
mpaka chujio linapinda shingo.
Kipimo changu ni kikombe cha dawa ya kikohozi,
mistari yake imefutika kuanzia kumi kwenda juu.
Ramu, vikombe viwili.
Halafu kimoja tena,
cha kikohozi.

Barafu nimeipata kwa Bwire, kule mwaloni,
pande zima ndani ya kiroba.
Ameniapia haijagusana na sangara.
Nimeisuuza mara tatu.
Nimeionja.
Imegusana.

Kile chombo cha chuma cha kutikisia,
cha mahoteli ya Capri Point, sina.
Nina kopo la siagi ya karanga lenye mfuniko wa bluu.
Nikamimina, nikafunga, nikatikisa
kwa nguvu zote za mtu wa miaka arobaini,
chaka, chaka, chaka,
juisi ikinichuruzika hadi kiwikoni.

“Nani anafukuza kuku humu jikoni?”

Mama. Pasi bado iko mkononi.
Akaiweka chini. Akalichukua kopo
bila kuuliza lina nini,
akakaa kwenye kigoda, miguu kainyoosha,
kopo juu ya paja,
na mkono wake ukarudi Magu,
mwaka ambao ng'ombe walikuwa bado wapo:
mbele, nyuma,
mbele, nyuma,
kama aliyeshika kibuyu cha maziwa alfajiri
na mtoto mgongoni asiyetakiwa kuamka.
Mtoto huyo nadhani nilikuwa mimi.

“Usiyapige,” akasema. “Yabembeleze.
Maziwa yakiogopa hayatoi siagi.”

Nilitaka kusema, Mama, hayo si maziwa.
Barafu ikanisemea, ikagonga ukuta wa kopo.
Mkono ukasimama.
Akafungua mfuniko, akainamisha pua.
Nikahesabu nzi waliokuwa dirishani: wanne.

“Nanasi limeiva vizuri hili.”
“Ndiyo, Mama.”
“La Sengerema?”
“La Sengerema.”

Akafunga. Akanirudishia.
Akaosha mikono kwa sabuni mara mbili
hadi juu ya bangili,
akaokota pasi yake, akaenda zake.

Nilikunywa nikiwa juu ya jiwe la uani,
jiwe lililokuwa bado na moto wa mchana.
Tamu, kali, tangawizi nyuma ya koo,
na mbali sana, kama jirani anayekohoa, sangara.
Mbegu za pasheni zilielea nisihesabu.
Jua lilikuwa limebakiza ncha,
na ndani Mama ameshaanza kuvuta sauti ya wimbo wake,
akaukata katikati.

“Nyamizi!”
“Abee!”
“Povu limesimama?”

Nikaliinua glasi kwenye mwanga uliobaki.
Kidole kizima.

“Limesimama, Mama.”