Ubeti wa Tatu

Leo kanisani Wete tulikuwa tisa,
na kinanda cha Anselmi kina vitufe vitatu bubu;
akivifikia, wimbo unaruka
kama mtoto avukaye mtaro.

Midomo yangu ilikuwa pale.
Moyo ulikuwa uani, juu ya jamvi:
pishi kumi na nne, mikarafuu ya kukodi,
ada ya Desideri, deni la dukani,
na wingu limekaa upande wa Mtambwe
kama mdai.

Mvua ikashuka katikati ya zaburi.
Nikainamisha kichwa. Wakadhani nasali.
Nilikuwa napiga hesabu.

Nikarudi mbio, viatu mkononi,
nikakuta ua mtupu, unang'aa maji.
Na barazani kwa Bi Mize
jamvi langu limekunjwa, kavu,
naye kalikalia kama kuku aatamiaye,
kanga imemlowa hadi shingoni.
"Nliwasikia mwaimba," akasema,
"nkaona vibaya kukukatiza."

Nilitaka kusema ahsante. Koo likakataa.
Kilichotoka ni ubeti wa tatu,
ule niliouacha unipite kanisani,
sauti ya pili peke yake, bila ya kwanza,
na harufu ya karafuu ikipanda nayo.

Bwana, uliyejibu kabla sijaomba,
tena kwa mikono isiyo ya kwaya yetu,
pokea wimbo uliochelewa.
Una matope miguuni.
Ndani ni mkavu.

Bi Mize akacheka: "Imba, mama Desi, imba.
Ila nivute kwanza, mguu wafa ganzi."