Tundu Lisilopenya

Baba alitoboa tiketi miaka ishirini na sita,
Dodoma, Kigwe, Bahi, Kintinku, Saranda,
na koleo lake la chuma likamwachia sugu kidoleni
isiyohisi hata ugali wa moto.

Novemba ya mwaka elfu mbili, Kintinku.
Mbegu za uwele tumezifukia kwenye vumbi kavu,
zinasubiri kama sisi.
Mchana anaanika betri juu ya bati
ili jioni redio ipate pumzi ya dakika arobaini:
Marekani wamepiga kura, na hakuna aliyeshinda.

Au wameshinda wote wawili. Usiku mmoja
wa kwanza alipewa Florida, akanyang'anywa,
wa pili akapewa, akanyang'anywa;
mmoja kampigia mwenzake simu kumpongeza,
kisha kapiga tena: pongezi zangu nirudishie.
Jirani yetu Mhembano alicheka nusura akalie kuku.
"Hawa ndio hututumia waangalizi?"

Baba hakucheka. Alikuwa amesikia neno *tundu*.

Kule, kumbe, wengine hawaweki vema wala dole gumba.
Mtu hushika kijisumari
akatoboa kadi ubavuni mwa jina la mtu wake,
na kijikaratasi, kadiri ya punje ya uwele,
hudondoka. Hutakiwa kudondoka.
Ila vingine vilining'inia kwa kona moja,
vingine vilibonyea tu, vikavimba,
wakasema hivyo vina mimba.
Watu wazima wenye miwani wakainua kadi kwenye taa,
jicho moja wamefumba,
wakitafuta nia ya mtu ndani ya karatasi.

"Koleo butu," Baba akasema. "Au mkono wa mzee."

Mimi siku tisa kabla yao nilikuwa karani.
Darasa la nne, chemli mbili,
tukafunua karatasi yenye dole kati ya visanduku viwili,
kama mtu aliyesimama mlangoni.
Mawakala walibishana kidogo, wamechoka.
Nikaandika: imeharibika.
Ilinukia samli. Sikusema ninamjua mwenyewe.

Wao walivutana zaidi ya mwezi,
wakahesabu, wakasimamishwa, wakahesabu,
hadi kwa majaji tisa:
watano wakasema basi, wanne wakasema bado.
Tofauti, mia tano thelathini na saba
katika kura karibu milioni sita.
Baba akapiga hesabu ukutani kwa mkaa:
daraja la tatu, watu themanini kila behewa,
hawajazi mabehewa saba.
"Treni moja. Tena ya Jumanne."
Na aliyeshindwa, ukijumlisha nchi nzima,
kamzidi mshindi nusu milioni na ushei.
Mhembano akataka aelezwe hapo. Betri zikafa.

Gizani ndipo Baba aliposema.
Mwaka sabini na tisa, treni ya Kigoma,
mwanamke mmoja, Madeje, mtoto mgongoni.
Tiketi za kukatia ndani zilikuwa na majina ya vituo,
ulitobolewa penye jina la unakoshukia.
Yake ilibonyea penye Tabora. Tundu hamna.
"Nimelipa," akasema, "nilimlipa mwenye koleo."
"Nikainua kwenye taa. Mwanga haukupita.
Nikamshusha Saranda, saa nane za usiku.
Sheria inasema tundu."

Akanyamaza kitambo, akapapasa kiberiti, asiwashe.

"Kila koleo lina umbo lake.
Asubuhi niliitazama tena ile tiketi.
Kibonyeo kilikuwa mwezi mchanga.
La mwezi mchanga lilikuwa langu."

Yule wa Amerika alipokubali kushindwa
mvua yetu ilikuwa bado njiani.
Ilikuja Ijumaa, alasiri, bila radi.
Matone ya mwanzo yakapiga vumbi la uani,
mengine yakapenya,
mengine yakabonyea tu.
Mama akapiga kelele tuondoe betri juu ya bati.
Baba alikuwa ameinama uani,
jicho moja amefumba.