Thumni ya Bastola

Waliniita Langoni siku ya tatu baada ya arobaini.
Kadhi alitaka orodha: nyumba, minazi kumi na mitatu ya Kipungani,
cherehani, saa ya ukuta iliyokwama saa nne kasorobo,
na hii, imefungwa kwa pindo la kanzu kuukuu.
Mlangoni koplo, barua ya stesheni mkononi,
kuhakikisha naithamini tu, siondoki nayo.

Marehemu Shekuwe alikuwa karani wa forodha.
Kibali alikipata zamani, enzi za magendo ya pembe.
Mtu wa sauti ndogo. Alinidai shilingi mia, hakuwahi kunikumbusha.

Kwanza naifungua nione kama ina risasi.
Hata iwe na kutu ya miaka hamsini, kwanza naifungua.
Aliyenifundisha kazi alisahau mara moja,
akafa anahesabia vidole vinane.

Tupu. Matundu sita, sita meusi.
Kisha namba: ya fremu, ya silinda, ya chini ya mpini wa mpingo.
Zinaoana. Hakuna kiungo kilichoazimwa.
Skrubu hazijatafunwa na bisibisi ya mtu mwenye haraka.
Rangi ya buluu imeondoka mdomoni tu, ala ilipougusa,
na huo ni uchakavu wa kweli, hauna hila.

“Tukiipaka nikeli,” akauliza Twalibu, mwana mkubwa, “itafika ngapi?”
Nikamwambia: ndevu hutiwa hina, miaka hairudi.
Ukiisugua hii, nusu ya bei inabaki kwenye tambara.

Nikaweka kikaratasi cheupe nyuma ya mtutu, nikachungulia.
Mifuo mikali, inajizungusha kama ngazi ya mnara,
hakuna kidonda cha chumvi, hakuna kovu la baruti.
Katika mji huu ambako hata bawaba za shaba huota ukungu,
mtutu huu ulipakwa mafuta kila juma.
Sidhani ulifyatua mara kumi.

Lakini nyundo.
Pale pa kidole gumba vijistari vimelika,
pamekuwa laini kama punje ya tasbihi.
Na silinda imevaa pete: mstari mweupe kiunoni pote,
uliochimbwa na kile kijino kinachoishika isizunguke.
Springi imelegea. Silinda inacheza, unywele mmoja, unywele na nusu.
Miaka arobaini sijaona silaha
iliyochakaa hivi kwa kutopigwa.

Nikavuta nyundo, nikaiachia taratibu.
Kach.

Nyuma ya pazia, edani, Bi Somoe akasema:
“Hiyo naiyua. Ni sauti ya chumba cha yuu.
Baada ya isha, kulla siku.
Nali nikihesabu hata sita, ndipo nikilala.”

Hakuna aliyeuliza mdomo wake ulielekea wapi.
Koplo alitazama viatu vyake.
Mwanashee, kitindamimba, akaanza kukusanya vikombe
ambavyo bado vilikuwa na kahawa.

Nikaandika: mtutu, bora. Namba, zinaoana. Mtambo, umechoka.
Haki yake ilikuwa elfu thelathini na tano.
Nikaweka thelathini na mbili,
kwa kuwa inagawanyika kwa nane bila senti,
thumni ya mjane ikatoka elfu nne kamili,
na kwa kuwa sikujua yale mengine
yanaandikwa safu gani.

“Mimi thumni yangu,” akasema, “nikatieni kwenye cherehani.
Hiyo mpeni mwenyewe Serikali.”
Twalibu alifungua kinywa, akakifunga.
Koplo akaitia mfukoni mwa turubai, akapiga lakiri,
akanipa kalamu nitie sahihi chini ya sahihi yake.

Nyumbani nilinawa kwa ndimu, harufu ya mafuta ikabaki kuchani.
Jioni binti yangu akafunga kufuli la duka,
kach,
nikajikuta, peke yangu barazani,
nimesema kwa sauti: moja.